Wimbo wa Kumwingiza Bori

Mtaa wa Dob, nyumba ile ile,
Budapest.
Jumatano, 17 Juni 1998

Mpendwa mdogo wangu Imre,

Hujambo huko Montevideo? Goti linaendeleaje, na huyo daktari wako bado anakukataza nyama? Huko kwenu baridi imeshaanza, kwa hiyo vaa ile sweta niliyokufumia, usiifanye pambo la kabatini. Sisi huku tu wazima. Mimi presha inapanda na kushuka, lakini ulimi hauna ugonjwa wowote, kama utakavyoona.

Harusi ya Bori imepita salama. Nasema salama nikijua ninachosema, maana nusura isifungwe.

Unamjua kaka yetu Ottó na muziki. Binti yake Bori anapiga viola pale opera, lakini yeye mwenyewe hata kuimba kwenye siku ya kuzaliwa hukatazwa. Amekua akimtania kwamba hawezi kutofautisha wimbo wa taifa na king'ora cha zimamoto. Basi kwa kuutegemea uziwi huo, akaenda kwa siri kwa Bwana Szilárd, yule Mkatoliki anayetupigia kinanda sinagogi, akamwomba amwingize kwa ule wimbo wa bibi harusi wa yule mtunzi Mjerumani, Wagner. Anaupenda tangu utotoni. Mzee wa watu akakubali. Kanisani kwake huupiga kila kukicha, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Mimi nilikuwa sina habari. Nimekaa mbele na kofia yangu mpya, mlango ukafunguliwa, kinanda kikaanza, na Ottó, aliyekuwa akimwingiza Bori, akasimama papo hapo kama mtu aliyekanyaga msumari. Nikainuka nikawafuata kule mlangoni.

"Baba, twende, watu wanatuangalia," Bori alikuwa akimnong'oneza.

"Waache waangalie. Huyu si Wagner huyu?"

"Umejuaje wewe?"

"Baba yangu aliufanyia mazoezi jikoni, mimi nikicheza chini ya meza. Mimi kiziwi wa nyimbo, mwanangu, si kiziwi wa watu."

Kinanda kikanyamaza. Wewe ulikuwa bado mchanga, Imre, siku baba aliporudi na fidla yake kwapani, orkestra ilipowaondoa Wayahudi wote. Akaiweka juu ya kabati, akaosha mikono, akauliza chakula. Ottó aliyaona yote hayo.

Bori naye si wa kunyamaza, hata akiwa ndani ya shela. "Lakini babu alimpenda Wagner! Umeniambia mwenyewe. Mtu ameshakufa, baba. Wimbo wenyewe umekosa nini?"

"Alimpenda, ndiyo. Babu yako hakupendwa naye."

"Jamani, tunafunga ndoa au tunasikiliza kesi?" akapayuka mjomba wa bwana harusi kutoka nyuma. Nilimkata jicho akakaa.

Ottó hakugeuka. Alimshika Bori mkono akamwambia, "Kule opera mpige hata kila jioni, nami nitakuja kukusikiliza kama siku zote. Lakini mtu huyo aliandika kwamba Myahudi hana wimbo wake, anaiga tu wa wenzake. Leo nikuingize kwa kuazima wake? Mguu wangu hauendi, Bori."

Hapo mtoto akaanza kulia kweli. Marehemu mama yake, Magda, hayupo wa kumshika mkono mwingine. "Usiponiingiza wewe, nani ataniingiza? Na tutembee na nini sasa, kimya, kama tunazika?"

Mdogo wangu, moyo uliniuma. Niliona harusi inavunjika mbele ya macho yangu, na keki ya flódni ya watu themanini inanisubiri nyumbani.

Ottó akakohoa. Kisha akaimba.

Unaukumbuka ule wimbo wa mama wa kusukuma unga wa tambi, usio na maneno, ya-la-lai tu mpaka unga ulainike? Ndio huo. Na aliimba vibaya, Imre! Wagner angemsikia angesema, mnaona sasa? Sauti ilipanda pasipopandika, ikashuka ikapotea. Lakini mguu ukaenda. Bori akacheka huku machozi yanamtiririka, akamshika mkono, akaimba naye ili amrudishe njiani. Nami nikaingia kuimba. Kule juu Bwana Szilárd akawa anatutafuta kwa kinanda chake, akitupata na kutupoteza, hadi tukafika kwenye hema la ndoa na rabi akapata nafasi ya kufuta miwani yake.

Msimamo wangu ninao na sitaumeza. Wagner ni fundi, na anayesema si fundi hana masikio. Nitakwenda kumsikiliza kwake, kule opera. Kunifungulia mlango wa harusi ya mwanangu, hapana, hata angetunga vizuri mara mbili.

Na usidhani Ottó amebaki na kinyongo. Kesho opera wanampiga Wagner huyo huyo, Bori yumo, na kaka yako ameshaninunulia tiketi pamoja na yake. Ananiomba nimpige kiwiko akisinzia.

Nisalimie Graciela na mapacha, na shangazi Ilka umwambie picha zinakuja. Mungu akutunzie goti na pumzi. Na kama umeusahau ule wimbo wa mama, mpigie simu Ottó akuimbie. Ataukosea wote, na utaujua papo hapo.

Dada yako akupendaye siku zote,
Klári