Kuku wa Mti Shingoni

Makadara, Nairobi
14 Juni 1981

Dada yangu mpendwa Kavutha,

Nakuandikia huku nikicheka peke yangu. Ndoa ni tamu, dada! Miezi mitano sasa, na Munyoki wangu bado huniita bibi arusi mbele ya majirani.

Nywele zimeanza kurudi. Sindano za kansa zimebaki mbili, ila zimenitia usahaulifu. Nilipounguza sufuria ya tatu, mama mkwe alikuja akasema, "Utamchomea mwanangu nyumba. Ukisahau tena, narudi nawe kijijini Kangundo." Nililia. Nitamwachaje Munyoki?

Basi Munyoki, mchongaji wangu, akanichongea kuku mdogo wa mti, akamtia kamba. Nikiwasha jiko namvaa shingoni, na simvui mpaka nilizime.

Jana niliinjika maharagwe nikaenda kununua kitunguu. Nikakutana na mke wa pasta, maongezi yakakolea. Kitunguu kikaanguka. Nilipoinama kukiokota, kuku akanigonga kidevu. Dada, nilikimbia!

Nilimkuta mama mkwe ameketi kando ya jiko, mikono mapajani. Maji ya maharagwe yalikuwa yamebaki kidogo sana.

"Mama, mbona hukuepua?"

"Nilitaka kuona kama utarudi." Akamshika kuku, akamgeuzageuza. "Mwambie mume wako anichongee na mimi. Kesho naenda nyumbani peke yangu."

Ameondoka asubuhi hii, dada, na mimi nimebaki na mume wangu!

Naacha kalamu. Kuku yuko shingoni, chai iko motoni.

Mdogo wako mwenye raha,
Nzembi wa Munyoki