Raba za Katikati

Jumatatu, 3 Machi
Kazini, kisha kanisani, mtaa wa Atlabara. Jenereta imekubali. Skeli, mkono wa kushoto, halafu wimbo wa mtihani. Kinanda ni cha umeme, na noti ya E ya katikati haitoi sauti. Ukiigonga kwa nguvu inapiga ukelele. Mtihani wangu wa piano ni Nairobi, mwezi ujao, na hiki ndicho kinanda pekee ninachoruhusiwa kugusa Juba nzima.

Alhamisi, 6 Machi
G nayo imekufa. Nimenyang'anywa ufunguo wa chumba cha kwaya. Mwalimu Lado, mkuu wa kwaya, mbele ya waimbaji wote: "Sista, wewe iko napiga kila siku, ngumu-ngumu. Kinanda ya kanisa nakufa juu yako."

Mimi! Vijana wake hupiga wamesimama, kama wanatwanga mahindi. Lakini mgeni ni kuku mweupe, na Mkenya hapa ni mimi. Nina hasira.

Jumamosi, 8 Machi
Mazoezi ya vidole juu ya meza ya chakula. Upuuzi. Namchukia Lado. Naichukia hata tai yake.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya ibada nikamwambia Lado tukifungue kinanda. Akakubali, nadhani ili niaibike. Chini ya vitufe kuna mikanda ya raba, na raba ndiyo hulika. Katikati, raba za vitufe vyeupe zimepasuka. Za vitufe vyeusi ni mpya kabisa.

Wapigaji wake hupiga kila wimbo kwa vitufe vyeupe tu. Waimbaji wakitaka sauti ipande, wapigaji wanabonyeza transpozi, mashine inapandisha yenyewe. Wimbo wangu umejaa vyeusi. Ningekuwa mimi mharibifu, vyeusi vingekufa kwanza. Nilimwambia hivyo, na sikusema taratibu.

"Malesh, sista," akasema. Basi. Lawama mbele ya kwaya nzima, msamaha mbele ya bisibisi.

Jumanne, 11 Machi
Raba mpya tumezikosa Juba nzima. Lado ameng'oa mkanda wa besi, mwisho kabisa kushoto, akauweka katikati. Ule uliolika kaupeleka kushoto. "Kule hakuna mtu natumia."

Mimi natumia! Wimbo wangu unaishia kule, kwenye E ya chini. Nimemwambia. Akajibu kwamba Jumapili askofu anakuja. Husemwa asiyekuwepo na lake halipo. Mimi nilikuwepo, nimeshika tochi, na langu halikuwepo. Nimebamiza mlango. Sijutii.

Alhamisi, 13 Machi
Ufunguo nimerudishiwa. Chumba kitupu, vumbi tu. Nimepiga wimbo wote. Katikati pametulia, pazuri, siwezi kukataa. Nikafika noti ya mwisho. Tok. Plastiki tupu. Nimeacha kidole pale mpaka hesabu ya mapigo ya noti ikaisha, kisha nikaanza tena mwanzo.