Ufunguo wa Kabati la Mifagio

Goma, kwetu Mapendo
Jumapili, baada ya misa ya pili

Yaya wangu Olive,

Nakusalimu sana, wewe na shemeji na watoto wote, pamoja na majirani wanaonikumbuka bado. Goti lako limepoa? Mara ya mwisho uliniambia kwamba kanisani unasali umekaa, na wamama wa chama wanakutazama kwa jicho baya. Waache watazame. Mimi mwili ni mzima. Fromaji ya Masisi, ile jibini ya kwetu, nimeifunga kwenye gazeti, itafika alfajiri na barua hii kwa boti ya usiku; muile mapema, msiiweke kungoja wageni. Utajiuliza kwa nini naandika karatasi wakati simu iko. Kwa simu ungenikata katikati, ungeanza kunihurumia, nami ningenyamaza. Kaa basi, soma mpaka mwisho.

Unamkumbuka Joviale, yule binti wa mji wa Kiwanja niliyekueleza mwaka jana. Alifika kwenye kituo chetu cha afya na begi moja, hana ndugu hapa mjini, nikampa godoro nyumbani kwangu kwa miezi mitatu. Nilimfundisha kupokea wagonjwa, kuandika fishi, yaani karatasi ya habari za kila mgonjwa, na kusema na wamama wajawazito bila kuwaharakisha. Aliniita yaya, kama ninavyokuita wewe dada yangu mkubwa, na mimi nilipenda. Nakuambia haya ujue kwamba sikuanza kwa kumchukia.

Unaujua pia ufunguo wangu. Kwa miaka tisa fishi zote za wagonjwa zilikaa ndani ya kabati la chuma, na ufunguo ulikaa shingoni mwangu kwenye utepe. Hata Papa Cubaka, muuguzi mkuu wetu, akitaka fishi alikuja kuniomba. Siku niliyougua malaria walimtuma mtu mpaka kitandani kwangu kuuchukua. Watu walinitania kwamba ninalala nao, na ni kweli nililala nao.

Mwezi wa tatu Papa Cubaka alileta ordinateri, kompyuta ya kuwekea fishi. Fundi wake, kijana anaitwa Émile, alituambia tusitafute picha wala kipanya. Hii ya kwetu ni kioo cheusi na maandishi meupe, unaandika amri kwa mkono, unabonyeza, nayo inatii au inakataa. Alieleza kwamba kila mmoja wetu ana jina lake na neno lake la siri, tena ukiandika hilo neno hakionekani kitu chochote kwenye kioo. Mimi nilidhani klavie, vile vibonye vya kuandikia, imekufa. Kisha akasema jambo lililoniingia kama mwiba: sisi wote tutasoma na kuandika fishi, lakini mmoja tu atakuwa msimamizi. Huyo akitanguliza neno sudo mbele ya amri yake, mashine inamkubalia kila kitu: kuongeza watu, kuwatoa, kufungua palipofungwa. Wengine wakilitanguliza, inawakatalia.

Nilinyoosha mgongo, yaya. Nilijua ataniita mimi. Papa Cubaka alituangalia, akasema, “Joviale atashika hii. Yeye ni mutoto wa sasa, anaelewa mbio. Mama Louise tusimuchokeshe.” Tusimuchokeshe! Kwani nilimwambia nimechoka? Joviale aliinamisha kichwa kwa adabu, na hiyo adabu yake ndiyo iliyoniumiza zaidi. Wiki hiyo hiyo fishi za karatasi zilipelekwa depo, na ndani ya kabati langu wakaweka mifagio na sabuni. Niliendelea kuvaa ufunguo. Anayetaka mfagio aje aniombe.

Sasa nikueleze wivu ulivyo, maana wewe hukuupata hata kidogo ulipozaliwa, wote ulibaki kwangu. Nilihesabu mara ngapi kwa siku wanamwita. Nilisikia jina lake hata katika kelele za jenereta. Akicheka na Papa Cubaka niliona wananicheka mimi. Akiniletea chai niliiacha ipoe. Jioni moja, wenzangu wakivua mablauzi ya kazi, nilikaa mbele ya kioo nikaandika sudo na amri niliyomwona akiandika, nikaweka neno langu la siri. Mashine ikanijibu kwa Kifaransa kwamba Louise hayumo katika orodha ya wenye ruhusa, na kwamba tukio hili litaripotiwa.

Litaripotiwa kwa nani? Kesho yake nilingoja Papa Cubaka aniite, hakuniita. Wiki ikapita. Nikaona mashine hiyo inabweka tu, haina meno, nikajaribu tena. Nilijaribu kila siku niliyokasirika. Joviale kipindi hicho alianza kunisumbua kwa wema wake. Aliniambia mara nyingi, “Yaya Louise, kuya nikufundishe, si kitu cha nguvu.” Nilimjibu kwamba nina kazi. Nilidhani anajionyesha.

Mwezi wa sita shangazi yake alifariki kule Kalengera, akaenda kwenye matanga siku tatu. Mimi nilikuwa nimemwona Émile, siku ile umeme ulipokatika mashine ikagoma kuamka, akiiwasha kwa njia ya mafundi. Ukiishika mwanzoni kabisa, kabla haijaamka vizuri, unachagua mstari wa matengenezo nayo inakufungulia yote bila kuuliza wewe ni nani. Nilikuwa nimeandika hatua zake zote nyuma ya kitabu changu cha nyimbo. Saa sita mchana, Papa Cubaka akila foufou yake nyuma, niliifanya. Nilijiweka katika orodha ya wenye ruhusa. Ningeishia hapo, yaya, ningekuwa mwizi mdogo tu. Lakini nilimtoa Joviale.

Alirudi Alhamisi, siku ya chanjo, ukumbi umejaa wamama na watoto. Muuguzi mpya alihitaji kuandikishwa ili aweze kufungua fishi. Joviale akaandika amri yake, mashine ikamkatalia. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikasoma jibu pamoja naye, na nilifurahi, siwezi kukuficha. Wamama wakaanza kulalamika. Papa Cubaka akatoka, akamuuliza kwa ukali kilichoharibika. Joviale aligeuka, akaniangalia muda kidogo tu. Kisha akamwambia, “Ni miye njo nilikosa, Papa. Munisamehe.” Hapo nikasogea, nikakaa kwenye kiti chake, nikamwandikisha muuguzi mpya mbele ya watu wote. Papa Cubaka alinipigia makofi. Siku iliyofuata alimwambia Joviale amalize mwezi, kisha arudi kwao, maana kituo hakiwezi kukaa na mtu anayecheza na fishi za wagonjwa. Mwezi unaisha Ijumaa hii.

Basi nikawa msimamizi. Juzi nilitaka kujua yote ninayoyamiliki, nikafungua kisanduku ambamo mashine inamwekea msimamizi taarifa zake. Kumbe ilikuwa inaripoti kweli. Nilikuta taarifa kumi na tisa, kila moja na tarehe, saa, na jina langu. Louise, Louise, Louise. Zote zilikuwa zimekwisha kufunguliwa na kusomwa. Nilizilinganisha na siku, yaya, na kila nilipojaribu jioni, asubuhi yake ndiyo aliyoniambia twende anifundishe, au ndiyo aliyoniletea ile chai. Taarifa ya ishirini ilikuwa ya siku ya chanjo, yenye jina la Joviale. Mimi nilijaribu mara kumi na tisa. Yeye mara moja, akaelewa, akasema amekosa yeye.

Nililia hapo kwenye kiti, nikasema ni moshi wa makala ya kupikia. Usidhani wivu uliondoka na machozi. Umebadilisha mahali tu. Zamani nilimwonea wivu kwa ile ruhusa, sasa namwonea wivu kwa moyo wake, maana ningekuwa mimi nimesoma taarifa ya kwanza tu, angekuwa nje kabla ya saa nne. Jana nilimrudisha kwenye orodha, nikajitoa mwenyewe. Kesho kabla wagonjwa hawajaingia nitamwambia Papa Cubaka yote. Akinifukuza, utaniona Bukavu, uniwekee godoro. La muhimu Joviale asipande pikipiki ya kurudi Kiwanja na kosa langu begani.

Sasa wewe. Ufunguo wa sanduku la Mama, lile lenye vitenge vyake vya ndoa. Alikupa wewe siku ya kipaimara chako, nami nikaambiwa bado mdogo. Wiki mbili baadaye ukapotea. Mama akavunja kufuli kwa nyundo, akakuchapa mpaka jirani akaingia, akanunua kufuli nyingine na ufunguo wake akanipa mimi. Yaya, wewe hukuupoteza. Niliuchukua chini ya mto wako nikautupa chooni. Mama amekufa akijua ni wewe.

Siku ile ulimwambia pengine uliudondosha mtoni ukifua. Miaka yote nimejiambia kwamba ulisema hivyo kwa sababu hukujua. Tangu nilipoona Joviale akigeuka na kuniangalia, sina uhakika tena, kwa sababu na wewe, kabla ya kujibu, uliniangalia kwanza. Uniambie kama ulijua. Hata kwa simu, nitapokea.

Ndani ya bahasha utakuta ufunguo wa kabati. Mifagio nimeitoa, kabati liko wazi, haufungui tena kitu. Lakini uliotangulia ulikuwa wako, na mwingine sina wa kukurudishia.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na uniombee kesho asubuhi saa moja na nusu.

Ni mimi mudogo wako,
Louise Bagalwa