Nimeaga Familia Mara Tano na Bado Niko Hai

Mpendwa Mama Yunia, naomba unisaidie kabla sijakufa tena. Mimi ni mzee wa miaka hamsini na mbili, nina shamba dogo la majani chai huku Konoin, mke mmoja na watoto watano, na tangu mwaka wa tisini, sasa ni miaka sita, nina ugonjwa ambao unakuja bila kubisha hodi, moyo unaanza kupiga mbio, mikono inakufa ganzi, jasho linanitoka hata kukiwa na ukungu, pumzi inakataa kushuka, na mimi ninajua kabisa kwamba sasa nakufa.

Mara ya kwanza nilikuwa kwenye foleni ya kupima majani, kikapu mgongoni, na kwa sababu hapa kwetu neno la mtu anayekufa halirudishwi, ukilirudisha unajitafutia laana, nilikaa chini nikaanza kugawa mali nikiwa bado na sauti, nikasema ng'ombe wangu Chelel, yule mtamba, apewe ndugu yangu Jonah, shamba la chini wagawane vijana, buti zangu za mpira zipewe karani wa mizani, na nilipofika kwa kuku nikashangaa kuona napata nafuu, nikainuka, nikapimiwa majani yangu nikaenda nyumbani. Mara ya pili ilikuwa kanisani, na jirani yangu Omwenga, Mkisii mwenye roho nzuri sana, alinibeba kwa baiskeli yake mpaka hospitali, na mimi pale nyuma kwa kukata tamaa nikampa Chelel, nimesahau kabisa kwamba nilishampa Jonah.

Mama Yunia, mwezi uliopita wote wawili walikuja asubuhi moja, kila mtu na kamba yake. Jonah akasema, "Si ulisema mwenyewe mbele ya watu? Ama unataka laana iingie hii boma?" Omwenga naye akasema, "Mimi nilikubeba na baiskeli mpaka magoti ikavimba. Marehemu alisema ng'ombe ni yangu." Nikamwambia marehemu ndiye mimi. Akasema, "Sasa hiyo ni makosa yangu?" Waliondoka bila ng'ombe lakini kamba zao wakaziacha zimening'inia zizini. Siku hizi nikishika kifua hadharani hakuna anayeleta maji, watu wanasogea karibu kusikiliza, na hiyo inafanya moyo ukimbie zaidi.

Nimepimwa moyo hospitalini mara tatu, na ile mashine ya nyaya, na daktari akasema moyo ni mzima, hii ni shida ya wasiwasi, nikakasirika sana, maana mimi nilitahiriwa mbele ya rika langu bila kupepesa jicho, sasa nitaambiaje watu eti nina wasiwasi? Hata mke wangu Chepkurui sijamwambia. Yeye anaamini ni moyo, na kila nikishikwa ananipikia chai ya rangi, kali kabisa, ili damu itembee, kwa siku nakunywa vikombe nane au tisa.

Sasa shida yenyewe ni hii. Binti yangu wa kwanza, Nelvine, anaolewa tarehe kumi na nne Desemba, na ni mimi wa kumshika mkono kutoka mlango wa kanisa mpaka mbele, watu mia tatu wakitazama, wakwe kutoka Sotik wakiwa viti vya kwanza. Juzi akasema, "Baba, kuja tufanye mazoezi," akanishika mkono katikati ya mistari ya majani chai, akaanza kuimba wimbo wa kuingilia, na tulipofika hatua ya sita moyo ukaanza, nikamwambia ngoja nimesahau jembe nyumbani, nikakimbia. Jembe lilikuwa mkononi mwangu. Nilipogeuka nilimwona bado amesimama pale peke yake, mkono ameukunja vilevile, na nilijiona mtu bure. Nimepanga siku ya harusi niseme nina matanga Nakuru. Je, nifanye hivyo?

Samahani kwa mwandiko, moyo umeanza tena. Nikifa kabla ya kufika posta, mama, uchukue redio yangu, ni nzuri, inataka betri tu.

Mimi Baba wa Bibi Harusi, Konoin.

MAMA YUNIA ANAJIBU

Baba Nelvine, pole. Miaka sita ya kufikiri kila mara kwamba unakufa inachosha mtu, na hakuna anayekuona umechoka kwa sababu kesho yake uko shambani. Nakiri nilicheka niliposoma, mpaka nilipofika kwa jembe. Hapo niliacha kucheka. Majina yote nimebadilisha, hata la ng'ombe.

Sasa nisikilize. Daktari alikuambia ukweli mara tatu na mara tatu ukamnunia. Wasiwasi wa namna hii ni ugonjwa, unashika mwili wote, na hauulizi kama ulipepesa jicho au hukupepesa. Kile kisu cha tohara ulikiona kikija na ulijua kitaisha. Huu hujui unatoka wapi, ndiyo maana unakutisha, na hakuna aibu hapo. Rudi kwa daktari yule yule, safari hii uulize matibabu badala ya kubishana.

Na hiyo chai uache leo! Kumpa mtu ambaye moyo wake unakimbia vikombe tisa vya chai ya rangi ni kama kumgongea debe ng'ombe anayetoroka, atazidi kukimbia. Mwambie Chepkurui ukweli jioni hii, kwa sababu maskini anakuongezea ugonjwa kwa mapenzi yake yote. Jonah na Omwenga uwaite pamoja, mbele ya mzee wa kanisa, uwaambie neno la mtu anayekufa halirudishwi, lakini wewe hukufa. Lile lilikuwa neno la mtu anayetoka jasho. Omwenga umshukuru vizuri kwa magoti yake, na kila mtu arudishiwe kamba.

Umeandika mwenyewe kwamba ukifika kwa kuku unapata nafuu, halafu hukujisikia. Kumbe kitu hiki kina mwisho, na mwisho wake ni kuku! Kikija, usikimbie. Simama ulipo, toa pumzi polepole kama mtu anayepoza uji, funga mdomo, na ugawe mali yako yote kimyakimya, kuanzia Chelel mpaka kuku wa mwisho. Leo rudi kwenye majani chai na Nelvine, mwambie kwa nini ulikimbia, mtembee hatua sita, usimame naye mpaka kipite. Kesho mtembee saba. Jembe liache nyumbani.

Sitakudanganya kwamba hakitakuja siku ya harusi. Huenda kikaja katikati ya kanisa, wakwe wakitazama. Basi simameni hapo wawili, yeye aendelee kuimba, wewe ugawe kuku wako, halafu mwendelee. Bibi harusi akichelewa dakika kumi hakuna mtu atakumbuka. Baba akikosa, yeye atakumbuka maisha yake yote. Hayo matanga ya Nakuru sitaki kuyasikia.

Kuhusu redio, kwa marehemu siichukui. Uilete mwenyewe kwa mkono wako baada ya tarehe kumi na nne, pamoja na picha uliyopigwa ukimshika Nelvine mkono. Betri nitanunua mimi.