Pipa la Mheshimiwa

Jumatatu, 11 Mei

Mvua asubuhi, jua mchana, mvua tena. Redioni ni wabunge tu tangu nilipoamka. Nani kalipiwa nini na serikali. Mmoja kakatiwa ua wa bustani, mwingine kapakiwa rangi banda la farasi. Farasi! Watu wanapiga simu wamekasirika hadi wanasahau walichopigia. Mama mmoja wa Hull kasema wote wafungwe jela, halafu akaomba mumewe apigiwe wimbo, leo ni siku yake ya kuzaliwa.

Klabu jioni. Horace Sugden yuko kwenye kiti chake kando ya hita. Nimefanya kazi na Horace maisha yote kiwanda cha mazulia, na hatujawahi kukubaliana hata kama kuna baridi. Anasema tatizo ni mshahara. Mbunge analipwa chini ya mkuu wa shule kubwa, na mbunge ndiye anayepiga kura nchi iende vitani au isiende! Waongezwe, marupurupu yafutwe, mambo yaishe. Nikamwuliza, Horace, lile zulia la sebuleni kwako kiwanda kilikupa, au lilitembea lenyewe usiku?

"Lilikuwa na kasoro," akasema.

Nikamwambia nalikanyaga kila Krismasi natafuta hiyo kasoro. Klabu nzima ikacheka. Bia yangu hakulipa.

Nikasema basi na wetu akaguliwe, Mheshimiwa Julian Fenwright. Horace akaruka juu. Fenwright msafi! Fenwright anaishi hapa hapa Crakeholme, mtaa wako mwenyewe Wilf, unamtazama dirishani. Si kama wale wa makasri.

Nikanywa bia yangu polepole.


Jumanne, 12 Mei

Siku ya kutoa mapipa. Wiki hii jeusi, la taka. Wiki ijayo la kijani, la chupa na karatasi. Hapana, kinyume. Hii ya kijani, ijayo jeusi. Nilikuwa nimeshalifikisha jeusi getini nikaona la mama wa jirani ni la kijani, nikarudi nalo kama mwizi.

Halafu nikavuka barabara nikatoa la Mheshimiwa. Nambari 14, mkabala na mimi. Aliniomba mwenyewe mwaka ule alipochaguliwa — Wilf, mimi nakuwa London siku za kazi, utanitolea pipa? Ujirani tu. Mtu akiombwa na jirani atoe pipa, anatoa. Krismasi hunipa wiski, nzuri, si ile ya dukani kwa Patel.

Mwanzo alikuja wikiendi. Halafu wikiendi moja moja. Halafu sikumbuki. Mkewe simjui sura. Mapazia yako vile vile, na lile ua la dirishani ni la plastiki, nimelichunguza.

Sasa, pipa tupu ni jepesi, linadunda barabarani linapiga kelele mtaa mzima unajua. Na langu mimi linajaa. Halmashauri hawachukui pipa ambalo kifuniko hakikufunga, wanakuachia na karatasi ya kukukaripia kama mtoto. Nikaona, hapa tumbo moja lina njaa na jingine limevimbiwa. Nikaanza kumtilia taka zangu. Yeye ana nyumba ya pili, mimi nina pipa la pili. Hakuna aliyeumia.


Jumatano, 13 Mei

Wameyachukua. Mgongo.


Ijumaa, 15 Mei

Noreen kaja na pai ya nyama na uso wa mazishi. Noreen ni binti yangu, wa pekee, ndiye anayemwendeshea Fenwright ofisi ya hapa mjini. Wenye shida ya nyumba, wenye shida ya pensheni, wote wanamlilia yeye kwanza. Tangu mumewe aondoke na yule mwalimu wa kuogelea, hiyo kazi ndiyo inayomweka wima.

Nikamwuliza bosi wako kaiba nini. Akasema, "Baba, usianze."

Gazeti letu linauliza maswali. Kuna mwandishi, Saima, yule binti wa mwenye duka la dawa, niliyekuwa namtania alipokuwa na meno mawili. Sasa ana kalamu. Anataka kujua Fenwright makazi yake halisi ni wapi. Noreen akanieleza taratibu: serikali humlipia mbunge nyumba ya London ikiwa kwake hasa ni huku. Kama kwake hasa ni London, basi amekuwa akilipiwa kukaa nyumbani kwake. Huo ndio wizi.

"Na wewe umemjibu nini?"

Akasema kajibu kwa maandishi na kutia jina lake. Kwamba Bwana Fenwright anaishi Crakeholme, yeye Noreen Thackray anamhakikishia msomaji.

Nikaweka uma mezani.

Nikamwuliza umemwona akilala hapo? Akasema hawezi kuacha kazi za watu ofisini akaenda kuchungulia watu kitandani. Lakini anapita kila Jumatano asubuhi akienda kazini. Nyumba ina watu, Baba. Pipa liko nje kila wiki, limejaa!

Nikamkatia kipande kingine cha pai. La pipa sikulitaja. Mimi, nisiyenyamaza hata kanisani.


Jumamosi, 16 Mei

Mkutano wa hadhara ukumbi wa Wamethodisti. Chai, biskuti kavu, watu hadi kwenye ngazi. Fenwright kaja bila tai ili afanane na sisi. Nampa haki yake — hakukimbia, na ana sauti nzuri, kama ya mtu anayetangaza kifo kwenye redio.

Akaanza na mshahara. Kwamba yeye haombi kuongezwa. Kijana mmoja nyuma akapaza, "Basi punguza!" Kelele. Mwalimu mmoja mwanamke akasema tusiwatukane wote, ukilipa kidogo bunge litajaa matajiri tupu. Horace akapiga makofi peke yake.

Halafu Saima akasimama. Hana haraka yule mtoto. "Bwana Fenwright, wewe unaishi wapi?"

"Mtaa wa Weaver, nambari kumi na nne."

"Taa zako huwaka lini? Nimepita jioni nyingi."

"Mimi nalala mapema," akasema, na watu wakacheka, na kicheko kilikuwa upande wake. Akajua. Akasonga mbele. Akasema yeye si mtu wa makasri, ni mtu wa mtaa kama sisi, nyasi anakata, bili anapata. "Hata pipa langu la taka liko barabarani kila wiki. Waulizeni majirani!"

Horace naye akasimama! Kweli kabisa, akasema, mimi naliona kila nikienda kwa Wilf. Pipa la mtu halisemi uongo. Watu wakapiga makofi. Pipa langu likapigiwa makofi! Wakageuka wananitazama mimi, jirani. Noreen kwenye meza ya mbele ananitazama na tabasamu la kuomba.

Nikainua kikombe. Wakaelewa walivyotaka kuelewa.


Jumapili, 17 Mei

Sikwenda kanisani. Horace kapitia mlangoni kunisimanga — wewe na ulimi wako, umekaa na ushahidi dirishani miaka yote na bado unamsema mtu mwema. Yule ndiye aliyempigania Doreen, mke wangu, apate kitanda hospitali. Ni kweli, alimpigania. Barua tatu, simu juu yake. Doreen alikufa kwenye shuka safi.

Nikamwambia Horace mtu anaweza kukupigania na akakuibia wiki hiyo hiyo, wiki ina siku za kutosha. Akasema naanza kuzeeka vibaya.


Jumatatu, 18 Mei

Mheshimiwa mwenyewe! Kiti changu cha jikoni kimekaliwa na Bunge. Kaja na keki ya dukani ndani ya boksi lenye utepe. Kachoka, chini ya macho kuna mifuko. Kasema, Wilf, umekuwa jirani mwema kwangu. Nikasema ndiyo, Mheshimiwa, na wewe umekuwa jirani mtulivu kuliko wote niliowahi kupata.

Hakucheka. Au alicheka kidogo.

Akaongea sana. Kwamba watoto wana shule kule, mke ana kazi kule, na kura zinapigwa saa nne usiku, mtu atalala wapi? Kwamba alipoanza aliambiwa na wakubwa wake hivi ndivyo inavyofanyika, mishahara haipandishwi kwa sababu wananchi watapiga kelele, basi jazieni kwenye posho. Wote walijazia. Sasa anaambiwa mwizi. Nilimsikiliza. Hakuwa anadanganya hapo, ndiyo shida yake, jikoni kwangu alikuwa mkweli kabisa.

Nikamwuliza, "Na Noreen anajua?"

"Noreen ni hazina," akasema.

Hilo si jibu. Nikamwuliza tena. Akasema Noreen hakuhitaji kusumbuliwa na kila kitu, na kwamba mradi wote tutulie, litapita, na ofisi itaendelea, na kazi ya Noreen itaendelea. Akalisema taratibu, kama mtu anayekuwekea blanketi miguuni.

Kisha akaja kwenye shida yake. Saima kaomba picha. Kesho jioni, Mheshimiwa akitoa pipa lake kama baba wa nyumba yoyote. Kakubali. Angekataaje, baada ya yale makofi?

"Sasa, Wilf — lipi? Yako mawili."

Nilifikiria kumwambia la kijani. Wallahi nilifikiria. Angelitoa peke yake mtaa mzima, la kijani katikati ya meusi, Saima na kamera yake, ningekufa na raha. Lakini nikaona sura ya Noreen. Nikasema jeusi.

Akanishika bega. Akaondoka na mwavuli wangu.

Saa hii ndiyo nimekumbuka kilichomo ndani ya hilo jeusi. Zangu. Za wiki mbili. Makopo ya ile supu ya mbaazi ambayo Noreen hunichukulia kule soko la Halifax, dazeni kwa dazeni, na kila kopo anaandika kwa mkono wake kwa kalamu nene mwezi wa kula, maana macho yangu hayasomi yale maandishi madogo. Bahasha za pensheni zenye jina langu. Ningeweza kuvuka barabara nikavitoa. Dakika kumi na mfuko mmoja.

Nimekaa. Nasema mgongo unauma. Mgongo hauumi.


Jumanne, 19 Mei

Asubuhi hakuna. Tosti iliungua.

Mchana Noreen kapiga simu. Baba, leo vaa shati safi, Saima anaweza kukuomba maneno mawili. Nikasema nitamwambia nini? Akasema, "Mwambie unachokiona dirishani, basi." Akasema baada ya leo itatulia na atanipeleka Scarborough, pwani. Nikamwambia Noreen, hebu njoo kwanza tuongee. Akasema baadaye, mezani kuna watu watatu wanalia.

Nilivaa shati. Nikavua. Nikavaa.

Jioni sasa. Naandika nimesimama dirishani, karatasi iko juu ya redio, mwandiko utasamehewa.

Wamefika. Saima, mpiga picha mwenye buti kubwa, Mheshimiwa bila tai tena, kakunja mikono ya shati. Noreen pembeni na koti lake zuri. Horace naye! Kasimama kwenye lami kama mgeni rasmi.

Mheshimiwa kalishika pipa. Hajui kuliinamisha. Analisukuma badala ya kulivuta, limegoma kwenye ukingo wa njia. Mpiga picha anapiga. Sasa Mheshimiwa kalivuta kwa nguvu — limeangukia ubavu.

Kifuniko kimefunguka.

Makopo yanabingirika barabarani. Moja, jingine, yanashuka mteremko kuelekea kwa Horace. Horace kainama kaokota, adabu yake, kampa Noreen.

Noreen analisoma. Anaokota jingine. Analigeuza. Saima anamwambia jambo, siwezi kusikia, kioo. Mheshimiwa anaongea na wote wawili, mikono yake inaongea, anacheka, anaelekeza kwenye gari. Bila shaka anawaambia Wilf hutupia taka zake humo, mzee mtundu, tunamjua. Na ni kweli! Na angeweza kuponea hapo, kwa sababu ni kweli. Noreen angeitikia kwa kichwa tu, basi. Ameinamisha kichwa kwa ajili yangu mara ngapi maishani, binti yangu, angeinamisha mara moja zaidi.

Saima anamsubiri. Kamera imeshuka.

Noreen kainama. Anarudisha makopo ndani moja moja. Bahasha nazo. Hajaacha hata ile iliyoruka chini ya gari. Anafunga kifuniko. Analisimamisha pipa — yeye anajua kuliinamisha — na analivuta.

Halivuti kuelekea ukingoni yalipo mengine.

Anavuka nalo barabara. Anakuja huku. Mheshimiwa anamwita kwa jina, hilo nimelisikia, hata kwa kioo. Hageuki. Saima yuko nyuma yake na kalamu. Mpiga picha kainua kamera. Horace kavua kofia, sijui kwa nini.

Geti langu jembamba, pipa halipiti mpaka mtu wa pili alinyanyue upande wa mbele. Noreen anajua hilo. Kafika getini na kasimama, kashika mpini, ananingoja.

Viatu vyangu viko wap—