Pete Iliyorudi Kidoleni

Mama yangu,

Leo asubuhi nimeshindwa kufungua kopo la sukari. Vidole vimevimba kama vyako vya zamani. Nimechoka, Mama, nimechoka hata kulalamika.

Unakumbuka mashine ya kufuma, pale dirishani kwetu mtaani Satellite? Ulifuma sweta za shule mpaka baridi yabisi ikakushika mikono yote miwili, ukavua pete ya ndoa na kuitia kwenye kopo la majani chai. Hasira zikikupanda, uvimbe nao ulipanda. "Wacheni kelele, mikono yangu inaskia," ulituambia, nasi tukacheka.

Kisha mwaka ule wa kura ya maoni ya katiba, ndizi na chungwa, ukapigwa na kiharusi. Upande wa kushoto ukalala. Miezi ikapita, na mkono uliolala ukaanza kupungua uvimbe, huku wa kulia ukizidi kuwaka. Siku moja Baba akaleta lile kopo, akajaribu pete kwenye kidole cha mkono uliolala. Ikaingia bila hata sabuni.

"Si mnaona? Hii mkono imepona!" ulisema, ulimi bado mzito. Akina mama wa kanisa wakaja na mikate, tukaimba mpaka chai ikamwagika jikoni. Mkono ule haukushika tena hata kikombe, lakini wewe uliutazama kwa furaha hadi ulipotuacha.

Wiki jana daktari mmoja kijana, huko mjini, aliniambia nina ugonjwa wako. Nikamsimulia habari ya pete. Akainamisha kichwa.

"Huo mkono haukupona, dada. Neva ndizo huambia askari wa mwili, wale huleta uvimbe, wakuje wapi, na wawake kiasi gani. Upande huo, baada ya kiharusi, ziliwacha kuongea nao, ndio maana uvimbe ukashuka." Akakiri kwamba hata wao madaktari hawajaelewa yote.

Nilishuka ngazi za kliniki nikilia. Heri nisingemsimulia. Hakuna aliyekudanganya, Mama, sote tuliamini.

Nimekuwa nikiomba maumivu yanyamaze. Sasa sijui niombe nini. Nikiamka navikunja vidole kimoja kimoja; vinagoma, vinauma, mwishowe vinakunjika. Sweta za watu zinangoja, nami nakaa kwenye mashine yako.

Pete yangu niliivua jana. Iko kwenye kopo lako. Kama huko uliko unaniombea, Mama, usiombe irudi kidoleni kama yako.

Ni mimi,
kitinda mimba wako