Uzio wa Mkwe

Mgeta, Morogoro
15 Juni, 2025

Mpendwa mdogo wangu Fidelis,

Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani. Hamjambo huko Songea? Kifua cha mkeo Kristina kinaendeleaje? Huku baridi ni kali, ila karoti zimekubali. Sisi wazima, isipokuwa nakuandikia nikiwa nimeinamisha uso.

Wewe ndiye mjomba wa nyumba hii, na neno la mkwe lazima lipite kwako. Kukupigia simu nimeogopa, ungecheka.

Unajua mgongo na magoti vilivyonitesa tangu shemeji yako afariki. Nilikuwa nalia tu, chakula hakipiti, na vidonge vinanichoma tumbo. Muuguzi wa zahanati akatuita kina mama wazee. Kila Alhamisi tunatandika mikeka uani kwake, tunajinyoosha, tunavuta pumzi taratibu, kisha tunaambiana yaliyo moyoni. Mwanzoni niliona upuuzi. Basi nikaanza kulala usingizi, hata shambani nikarudi kupalilia.

Alhamisi moja nimelala chali, miguu juu, kanga imeteremka mapajani, nikatupa macho kwenye njia ya juu mlimani. Leonard! Mume wa Catherine wetu, na tenga la kabichi begani. Tulitazamana, Fidelis, mimi na mkwe wangu! Akageuka mbio, kabichi mbili zikabiringika hadi mkekani kwetu.

Nikajifungia ndani. Maumivu yakarudi, na kilio pia. Tena nikamwambia Catherine mumewe hana adabu, asikanyage kwangu. Naye alikuwa anapita njia yake tu, maskini.

Wiki iliyopita jirani yangu Chausiku akaja kunivuta mkono. "Da Modesta, twende ukaone." Upande wote wa juu wa ua wa muuguzi umezibwa na uzio wa matete, mrefu kuliko mtu. Leonard ndiye aliyeufunga, siku ambazo sisi hatupo. Na matenga yake sasa anazungushia kule mtoni, apande mlima wote upya.

Nimerudi mkekani na usingizi umerudi. Aibu ya miguu imepungua, ila ya mdomo wangu inaniunguza. Kumwomba radhi ana kwa ana siwezi, unajua mwiko wetu. Mpigie wewe. Mwambie nimemkosea, aje nyumbani.

Catherine anakusalimu, nami namsalimu Kristina na watoto wote. Mungu awajalie usingizi mwema kama alionirudishia mimi.

Na mwambie Leonard apite njia ya juu, asijitese. Nikimsikia nyuma ya matete nitakohoa. Ajue ni mimi, nashukuru.

Dada yako akupendaye,
Modesta